Roboti mwenye jina la mtu: wanamsalimia vizuri, halafu wanamtukana. Tumvue sura au tumwache?

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Assalaamu alaikum wana jukwaa, na wengine wote habari za saa hizi.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Kazi yangu ni kuandika maneno ya roboti wa huduma kwa wateja. Kampuni ni ya usafiri hapa Unguja, jina nalihifadhi kwa sababu bado nakula kwao. Mteja akituma ujumbe WhatsApp usiku kuuliza boti ya Pemba inaondoka saa ngapi, gunia la mzigo linalipiwaje, au mtoto wa umri gani anakatiwa tiketi, anayemjibu ni programu, na sentensi zake nyingi nimeziandika mimi. Asubuhi nasoma mazungumzo ya usiku. Hapo ndipo penye uhondo.

Roboti wetu kapewa jina la kike na picha ya msichana aliyejitanda mtandio, anatabasamu. Uongozi ulitaka "sura ya nyumbani". Hapa tumwite Bi Dada. Anamwanza mteja kwa salamu, anajitaja jina, anauliza amsaidie nini. Hasemi popote kuwa yeye si mtu.

Basi muone watu wanavyomwendea! Mtu wa kwetu haanzi na swali. Anaitikia salamu mpaka mwisho, anauliza hali, kisha anangoja naye aulizwe. Akiona kimya (maana Bi Dada hakufundishwa "hujambo" ya pili) anatuma tena: "Upo dada?" Kuna wanaoomba radhi kwa kumsumbua usiku. Kuna wanaomtakia Ijumaa njema. Vijana ndio usiseme: kwao wapi, kaposwa au bado, na mmoja kamtumia picha ya bakuli la urojo akimwalika Forodhani. Halafu voisi! Mama mmoja wa Mkoani alieleza kwa sauti habari yote ya mgonjwa wake anayeletwa hospitali mjini, nani atampokea bandarini, nani atabaki na watoto, na mwisho kabisa, pumzi zimeshamwishia, akauliza kama kiti cha magurudumu kinaruhusiwa kupanda. Bi Dada akamjibu: "Samahani, sijakuelewa. Chagua 1 kwa ratiba, 2 kwa bei, 3 kwa mizigo."

Msije mkasema huo ni ushamba wetu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, profesa wa chuo cha MIT kule Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na akili yoyote, ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Ukiiandikia kuwa mamako hakupendi, inakuuliza nani mwengine katika familia yako hakupendi. Weizenbaum mwenyewe kasimulia kuwa katibu wake, ambaye aliiona ikitengenezwa hatua kwa hatua, alikaa nayo kidogo tu kisha akamwomba bosi wake atoke chumbani, anataka faragha. Akaja Clifford Nass na Byron Reeves wa Stanford miaka ya 1990. Wao waliwaketisha watu mbele ya kompyuta wafanye kazi nayo, halafu wakawauliza kompyuta ile ilifanya vizuri kiasi gani. Walioulizwa na kompyuta ile ile waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na kompyuta nyengine ya pembeni. Yaani waliona haya kuikosoa usoni pake! Na ukiwauliza, wanakataa katakata kuwa walikuwa wanaionea haya mashine. Hao walikuwa watu waliozoea kutumia kompyuta, sio bibi yangu wa Makunduchi.

Sasa geuza upande wa pili. Msimu wa kusi, bahari imechafuka, safari imefutwa, watu wamekwama bandarini na mizigo yao. Ni wateja wale wale na Bi Dada yule yule. "Wewe mwanamke huna huruma?" "Nakuuliza kiungwana unanijibu kikasuku." Vyengine siviandiki hapa, mods watanifungia. Na nilichokiona mimi ni kuwa aliyesalimia kwa heshima kubwa ndiye anayetukana kwa uchungu mkubwa. Zamani tulikuwa na huduma ya kubonyeza nyota na namba, ile menyu kavu. Watu waliichukia, lakini hakuna aliyeiuliza kwa nini haina huruma.

Hili nalo limechunguzwa. Mwaka 2022 jarida la *Journal of Marketing* lilitoa utafiti wa Crolic na wenzake. Walikuta kwamba mteja aliyefika akiwa na hasira, akikutana na roboti aliyefanywa afanane na mtu, kuridhika kwake kunapungua, anaishusha kampuni, na hamu ya kununua inapungua. Asiyekuwa na hasira haimwathiri hivyo. Sababu waliyoitoa ni matarajio: sura ya mtu inamfanya mteja ategemee utendaji wa mtu, na usipopatikana matarajio yake yanavunjika.

Rai yangu: tumvue sura. Aseme tangu mwanzo kuwa yeye ni mashine, na awe na mlango wa kumfikia mtu wa kweli. Uongozi unagoma, unasema watu watakimbia. Na nikiri wana hoja yenye miguu. Mwaka 2019 Luo na wenzake walitoa utafiti katika *Marketing Science*, wateja zaidi ya 6,200 wa kampuni moja ya fedha waliopigiwa simu za mauzo. Roboti asiyejitambulisha aliuza sawa na wafanyakazi hodari, na mara nne zaidi ya wafanyakazi wachanga. Alipojitambulisha mapema kuwa ni roboti, manunuzi yalianguka kwa zaidi ya asilimia 79.

Lakini ile ilikuwa simu ya kumuuzia mtu kitu ambacho hakukiomba. Bi Dada anaongea na mtu ambaye pesa yake tumeshaila na yuko bandarini na kuku wake kwenye kapu. Hayo ni mambo mawili tafauti.

Nawasilisha. Nyinyi mnaonaje, mnataka kuambiwa au hamna haja?

---

Mkaazi wa Wete

Mleta mada umenigusa penye kidonda. Mimi nilikosea tarakimu moja, nikatuma pesa kwa namba nisiyoijua. Kampuni siitaji. Nikaingia kwenye huduma yao, nikakutana na "dada" kama wako. Nikaeleza. Akaniambia: "Pole sana ndugu mteja, naelewa kabisa unavyojisikia." Nikapoa kidogo, nikasema Alhamdulillahi nimepata mtu. Nikaeleza upya kwa urefu, namba hii, saa fulani, wakala fulani. Akanijibu: "Pole sana ndugu mteja, naelewa kabisa unavyojisikia."

Neno kwa neno. Hata nukta haikuhama.

Wallahi hasira niliyoipata pale ilikuwa kubwa kuliko ya pesa. Pesa nimezikosesha mwenyewe. Ile pole ya pili ndiyo iliyoniuma, maana nilijiona mjinga kwa kuishukuru ya kwanza.

---

Mapokezi Paje

Wakuu mimi natetea roboti kidogo. Niko mapokezi hoteli ya ufukweni. Mgeni kashuka uwanja wa ndege saa nane usiku anauliza gari iko wapi, mwengine anataka kujua maji yanajaa saa ngapi ili akaogelee, mwengine anaandika Kipolishi, na hapa hakuna anayejua Kipolishi hata salamu. Roboti anajibu yote na ratiba ya maji anayo. Zamani hayo yote yalinisubiri mimi asubuhi nikiwa na foleni ya watu wanaolipa waondoke. Sitaki kurudi huko.

Ila kuna jambo moja halinipendezi. Fundi aliyetuletea alimtegea achelewe kujibu, pale juu panaonesha "anaandika…", sekunde kadhaa, jibu likiwa refu anachelewa zaidi. Nilimuuliza kwa nini, kompyuta si inajibu papo hapo? Akasema ni makusudi, watafiti wa Ujerumani walishaonesha mwaka 2018 kuwa ukimchelewesha kwa kiasi cha urefu wa jibu, watu wanamuona kama mtu zaidi na wanaridhika zaidi. Sawa. Lakini kuna mgeni mmoja bibi wa makamo alikuja asubuhi kaunta na boksi la chokoleti, anamtafuta "yule aliyekesha na mimi usiku mzima". Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikamwambia yuko zamu ya usiku.

---

Mkaazi wa Wete

😂😂 Chokoleti ulikula lakini?

---

Mapokezi Paje

Tulikula wote mapokezi. Roboti tulimwachia karatasi zake.

---

Ustadh Mstaafu

Kijana wa Malindi, wa alaykum salaam. Mimi nimesimama hapo penye salamu. Sitoi fatwa humu, masuala hayo yana wenyewe. Nakuuliza tu kama mtu mzima. Salamu ile ya Bi Dada umeiandika wewe, kwa mkono wako, na umeikusudia iwafikie watu. Basi hao wote walioitikia na kukuulizia hali, na wakanyamaziwa, wanamdai nani? Mashine haidaiwi. Hebu fikiria hilo kabla hujalala.

Kama hamna nia ya kuamkiana na watu, msiwaanze kwa salamu. Andikeni "Karibu" muingie kwenye shughuli. Kuna ubaya gani?

---

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Ustadh, shikamoo. Umenipa mzigo wa kutosha leo.

---

Fundi Cherehani

Mbona hakuna aliyeuliza kwa nini ni mwanamke? Roboti wa kutukanwa mwanamke, wa kuambiwa kaposwa au bado mwanamke, na picha mmemtia mtandio juu. UNESCO walishaliandika hili mwaka 2019, kwamba hizi sauti za kike kwenye simu na kompyuta zinazojibu matusi kwa upole zinawazoesha watu kuwa mwanamke kazi yake kutumwa na kuvumilia. Sisi tulio kwenye biashara tunajua yanakoishia. Mteja aliyezoea kumwambia Bi Dada upuuzi saa sita usiku, kesho anakuja kwenye ukurasa wangu wa nguo anaandika yale yale. Mimi nina mume na watoto humu ndani wanashika simu hiyo hiyo.

Mnasema sura ya nyumbani. Nyumbani kwenu nani anasemwa hivyo?

---

Mchumi Mtupu

Naona mnaleta hisia. Kampuni haiweki roboti kwa mapenzi, inaweka kwa mshahara. Klarna, ile kampuni ya Sweden ya kulipia manunuzi kidogo kidogo, Februari 2024 walitangaza roboti wao amebeba mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi wa kwanza, theluthi mbili ya mazungumzo yote, kazi ya watu 700. Dunia nzima ikapiga makofi.

Mwaka 2025 mkurugenzi wao mkuu akatoka kusema walikazania gharama mno na ubora ukashuka, wakaanza kuajiri watu tena, ili mteja akitaka mtu ampate. Hawakumfukuza roboti, kumbukeni hilo. Ila hesabu ya mwanzo haikuwa imetia gharama ya mteja aliyekasirika. Uongozi wako uoneshe hiyo, wacha habari za huruma, hawaijui lugha hiyo.

---

Bi Mkubwa wa Jang'ombe

Wanangu nimesoma yote, mjukuu ananisomea na ananiandikia. Mimi hilo la mtu au mashine halinikoseshi usingizi. Ninalotaka kujua ni moja. Huyo akiniambia tiketi yangu nitarudishiwa pesa, halafu nikenda ofisini wakasema hakuna kitu hicho, nimshike nani? Zamani ukiambiwa na karani dirishani, unamjua sura, unamjua kwao, unakwenda mpaka kwa baba yake. Huyu wenu baba yake nani?

---

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Bi Mkubwa shikamoo, na mjukuu ahsante kwa kuandika. Suali lako lilishafika mbele ya waamuzi, ingawa mbali.

Kanada, abiria mmoja alifiwa na bibi yake. Akamuuliza roboti kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Roboti akamwambia kata tiketi sasa, utaomba punguzo baadaye ndani ya siku 90. Akakata. Alipoomba, akaambiwa kanuni yao hairuhusu kuomba ukishasafiri. Wakafika baraza la madai madogo la British Columbia. Kampuni ikajitetea kwa namna ambayo mpaka leo nikiisoma nacheka: kwamba roboti ni kitu kinachojitegemea, na anabeba mwenyewe jukumu la maneno yake. Februari 2024 mwamuzi akaikataa hoja hiyo. Akasema roboti ni sehemu ya tovuti ya kampuni, na kampuni inawajibika kwa kila kilichomo, kiwe kimeandikwa kwenye ukurasa au kimesemwa na roboti. Wakaamriwa walipe kama dola 812 za Kanada pamoja na riba na gharama.

Kwa hiyo baba yake kule kajulikana. Lakini hukumu ya Kanada haimfungi mtu Malindi, kwa hiyo ushauri wangu kwa wote humu: roboti akikuahidi jambo la pesa, piga picha ya skrini pale pale, yaonekane na tarehe. Roboti wa siku hizi, hawa wanaotunga jibu wenyewe badala ya kuchagua kwenye orodha, wanaweza kukutungia kanuni ambayo haipo na kukwambia kwa adabu zote. Wangu mimi ni wa orodha, ndiyo maana anaonekana mzito, lakini hajamwahidi mtu kitu ambacho sikukiandika.

Fundi Cherehani, hoja yako nimeibeba kama ilivyo, sina cha kuongeza.

Mchumi, nimekusoma. Na kuna jengine la kumpelekea bosi: wenzetu wameshalitungia sheria. California tangu Julai 2019 ni kosa kutumia roboti kumhadaa mtu ili anunue ukimficha kuwa si mtu, na sheria ya Ulaya ya akili mnemba ya mwaka 2024 inataka mtu ajulishwe anapozungumza na mashine. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na yule mama wa kiti cha magurudumu, alipotaja ugonjwa wa mtu wake kwenye voisi, alidhani anamwambia dada mmoja. Kumbe yalikuwa yanaingia kwenye kumbukumbu ya kampuni, na asubuhi nikayasikiliza mimi mwanamme nisiyemjua, kikombe cha chai mkononi. Angejua, angesema nusu yake. Mimi hilo ndilo linalonisumbua kuliko matusi.

---

Mapokezi Paje

Hilo la voisi sikuwahi kulifikiria. Wageni wetu wanatuma mpaka picha za pasipoti.

---

Mkaazi wa Wete

Tuoneshe basi maneno mapya utakayopeleka. Tusije tukakuunga mkono kumbe unatuletea menyu kavu ile ile ya nyota na namba.

---

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Haya, rasimu hii hapa, ipigeni mawe:

"Karibu. Hii ni huduma ya kujibu kwa mashine, inajua ratiba, bei na mizigo. Kama safari yako imefutwa, una mgonjwa, au pesa imekwenda vibaya, andika MTU. Atakujibu mfanyakazi kuanzia saa moja asubuhi. Usiku huu wapo wa bandarini kwa mambo ya dharura tu. Usitume habari za ugonjwa au kitambulisho hapa."

Picha ya msichana inaondoka, inabaki nembo. Jina linaondoka. Salamu, Ustadh, nimeitoa. Na neno pole halitakuwepo kabisa kwenye orodha ya mashine, litasemwa na mfanyakazi atakayepokea.

---

Ustadh Mstaafu

Sawa. Lakini mtu akisalimu mwenyewe?

---

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Akisalimu ataitikiwa mara moja, kisha ataulizwa haja yake. Siwezi kumnyamazia mtu aliyesalimu.

---

Mchumi Mtupu

Huyo MTU ana mamlaka gani? Maana naijua hii. Unaandika MTU, anakuja mtu kweli, na yeye anakwambia "pole ndugu mteja, suala lako tumelipokea" kwa sababu na yeye kapewa karatasi ya kusoma. Hapo umebadilisha roboti wa umeme kwa roboti wa nyama.

---

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Ndiyo vita vyenyewe hivyo, kakangu. Nimeomba mfanyakazi wa zamu aruhusiwe mambo mawili bila ya kumpigia mkubwa: kuhamisha tiketi iwe ya safari inayofuata, na kumrudishia nauli aliyefutiwa safari. La kwanza wamelikubali. La pili wanasema mpaka mhasibu, na mhasibu Ijumaa mchana hapatikani, Jumapili hapatikani.

---

Bi Mkubwa wa Jang'ombe

Basi hilo la mhasibu liandikwe pale pale juu, kuwa pesa hairudi Ijumaa wala Jumapili. Mtu ajue kabla hajateremka kutoka Konde na watoto. Na maandishi yawe makubwa, mjukuu akenda skuli nasoma mwenyewe.

---

Kijana wa Malindi (mleta mada)

Nimeongeza, Bi Mkubwa. Rasimu inakwenda kwa meneja kesho asubuhi. Atakayekuwa na marekebisho aandike usiku huu.